Kambare wa Kichwa Laini

Kambare hana magamba. Hili si jambo la kubishania. Atakayekuambia kambare ana magamba, muulize kama amewahi kumshika, maana utelezi wake peke yake unatosha kuwa jibu. Sasa mfikirie mtu aliyepima kambare kwa miaka thelathini na mmoja, amestaafu, amekaa sebuleni kwake asubuhi na kikombe cha chai, anafungua kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayosomwa na kila mtu, anakuta imeandikwa: "Kambare ni familia ya samaki wa maji baridi wenye magamba madogo."

"Loh!" alisema mzee. "Loh, loh, loh!"

"Nani kafa?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Hajafa mtu. Wameua samaki."

Mkewe hakuuliza zaidi. Alikuwa amezoea.

Mtaani mzee huyu aliitwa Sentimita na mkewe Mama Sentimita, kwa sababu ya ile kazi. Kituo cha utafiti wa samaki kilikuwa kando ya ziwa, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka nyumbani kwake, na kazi yake ilikuwa moja tangu alipoingia akiwa na nywele zote mpaka alipotoka bila hata moja. Wavuvi walileta samaki, yeye akamlaza mmoja mmoja kwenye ubao wa kupimia, pua ikigusa kizuizi cha mbao, akasoma mkia unapoishia. Urefu, uzito, dume au jike, tumboni kuna nini. Anaandika kwenye fomu, anamtupa kwenye ndoo, anachukua mwingine. Samaki waliokwisha kupimwa waligawiwa watumishi, kwa hiyo nyumba ile ilikula kambare mpaka binti yao wa pekee akaapa kwamba akiolewa hatapika kitu chenye ndevu. Aliolewa, akaenda kufanya kazi mji wa mbali, na kiapo chake amekishika hadi leo.

Ni huyo binti aliyemnunulia babake kompyuta ya kupakata. Alitaka asome magazeti, asizeeke kwa kuhesabu magari dirishani. Lakini mzee aligundua jambo lililo tamu kuliko magazeti: kwamba ile kamusi elezo, mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Yeyote! Alidhani ni mzaha. Akabonyeza, akafuta yale magamba kwa kidole kimoja, akaandika: "Kambare hana magamba. Ana ndevu jozi nne." Akaongeza kwamba juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana anaweza kukaa nje ya maji na kujiburuta kwenye tope kutoka kidimbwi hiki hadi kile. Akamaliza chai yake akiwa mtu mwenye furaha.

Saa moja baadaye magamba yalikuwa yamerudi.

Aliyeyarudisha alijiita Mlinzi wa Zamu. Hana sura, hana umri, ana maneno tu. "Ndugu," aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano, "asante kwa mchango wako, lakini hujaweka chanzo. Kila habari lazima itokane na kitabu, jarida au gazeti lililochapishwa."

"Chanzo!" mzee akafoka. "Kambare mwenyewe ndiye chanzo! Mama, unasikia? Mtu ambaye hajui hata kambare ananuka vipi ananiomba chanzo!"

"Si umpe," alisema mkewe.

Basi akampa. Nisimseme vibaya mzee wa watu, hapo alifanya kazi ya kiume. Alirudi kituoni, akamwomba mtunza maktaba, ambaye alimfahamu tangu zamani, akakaa kwenye meza ya dirishani na vitabu vyenye vumbi, wiki baada ya wiki. Anarudi nyumbani na karatasi zake, anaandika sentensi, anaweka chanzo, anaandika nyingine. Makala iliyokuwa mistari mitatu ikawa na sehemu sita: umbo, upumuaji, chakula, uzazi, makazi, spishi. Mlinzi akawa anasahihisha nukta tu, na siku moja akaandika, "Mzee wangu, sijawahi kuona makala ya samaki iliyonyooka hivi." Mzee aliisoma mara nne, na mara ya tano aliisoma kwa sauti ili isikike mpaka jikoni.

Shida ilianza alipofika kwenye kambare wa kichwa laini.

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo roho ya mzee ilipokuwa imefungwa kwa miaka yote. Kambare kwa kawaida ana kichwa kigumu, mfupa mtupu. Lakini kwenye vinamasi vya ziwa lile kuna aina moja ambayo mifupa yake ya utosini haikukutana, katikati pana uwazi uliofunikwa na ngozi tu. Kwa nje hutamtofautisha na wenzake. Vitabu vilikuwa havimjui. Mzee, kwa maneno yake mwenyewe, ndiye aliyemgundua: siku hiyo alimlaza kwenye ubao, akamkandamiza kichwa kwa kidole gumba asiteleze, kidole kikazama. Akashtuka. Akampeleka kwa Daktari, mkuu wa kituo, daktari wa samaki si wa watu, ingawa alijisikia kuliko madaktari wote wa watu ukiwajumlisha. Daktari alimgeuza yule samaki, akamtazama, akasema, "Mwache hapa." Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu. Kambare mpya, mgunduzi Daktari, picha ya Daktari. Mpimaji hakutajwa hata kwenye shukrani. Pale palishukuriwa dereva.

"Dereva!" mzee husema mpaka leo. "Mtu aliyekuwa akilala garini!"

Hadithi hii ilisimuliwa kwenye harusi, kwenye misiba, kwa mashemeji, kwa majirani waliokuja kuazima ngazi. Binti yao aliijua kabla hajajua kusoma. Kila ilipofika kwenye kidole gumba mzee alikiinua, na kila ilipofika kwa Daktari alimalizia na neno lile lile: mwizi. Daktari alikwisha kufa, lakini uchungu wa mzee haukumfuata kaburini. Na sasa alikuwa na mahali pa kuutua. Aliandika kwenye makala, kwa kidole kile kile: "Kambare wa kichwa laini aligunduliwa na mpimaji wa kituo cha utafiti." Chini yake akaandika jina lake kamili.

Ilifutwa kabla hajanyanyuka kitini.

"Kitabu kinasema ni Daktari," aliandika Mlinzi.

"Mimi ndiye niliyekuwepo!"

"Nakuamini, mzee wangu. Lakini kuwepo si chanzo."

Jamani, yule mzee aliumwa. Siku tatu hakula chakula cha maana. Alikuwa akitembea kutoka sebuleni hadi uani, kutoka uani hadi sebuleni, akiongea peke yake. Aliona anaibiwa mara ya pili, na safari hii mwizi hana hata uso wa kutemea mate. Kilichomuuma zaidi ni kwamba makala ilikuwa yake, kaijenga yeye, na ndani yake Daktari amekaa kitako amekunja nne. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwandikia tena: "Kama kuna gazeti lolote litakaloandika habari yako, tutaweza kulinukuu."

Hapo mzee akampigia binti yake, na binti akampigia rafiki yake waliyesoma naye, mwandishi wa gazeti. Mambo yakaenda haraka kuliko alivyotegemea. Jumanne moja mwandishi akapiga hodi, msichana mwenye kamera shingoni na daftari la kufungulia juu.

Mzee alikuwa amevaa koti. Ubao wa kupimia, ambao alipewa kama zawadi ya kustaafu (hebu niambie, mtu anastaafu unampa ubao!), ulikuwa umepanguswa na kusimamishwa ukutani. Mkewe alileta chai na biskuti kwenye sinia, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Mzee akasimulia. Hajawahi kuisimulia vizuri kama siku ile. Samaki aliteleza mbele ya macho ya mgeni, kidole gumba kikazama, Daktari akasema "mwache hapa" kwa sauti nzito ya puani. Mwandishi aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaomba nyingine.

Halafu akamgeukia mke. Ni desturi yao waandishi, wanataka na neno la mama mwenye nyumba.

"Na wewe mama, unaikumbuka siku hiyo?"

"Naikumbuka sana," alisema mkewe.

"Alikwambia nini?"

Mkewe aliangalia mikono yake. Mzee akakohoa.

"Nakumbuka kichwa kilibonyea," alisema. "Andika ni yeye, mwanangu."

Mwandishi akacheka, akaandika, akawapiga picha, akanywa chai yake iliyopoa, akaaga.

Mzee alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alibeba vikombe mwenyewe kuvipeleka jikoni, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa amesimama kwenye sinki, maji yanamwagika.

"Umesema vizuri, mama," alimwambia.

"Nimedanganya vizuri."

Mluzi ukakatika. "Umedanganya nini?"

Mkewe akafunga bomba. "Baba, tuko wawili tu humu ndani. Hakuna kamera. Yule samaki ulimwona wapi?"

"Kwenye ubao."

"Kwenye ubao ulimpima. Ukamwandika kambare wa kawaida, kama ulivyowaandika mamia ya wenzake kabla yake, ukamleta hapa kwenye ndoo pamoja na wengine sita. Mimi nikawagonga vichwa kwa mgongo wa kisu, kama ninavyowagonga siku zote. Sita wakalia ko, ko. Wa saba kisu kikazama. Nikakuita. Ulikuwa umelala kwenye kochi na soksi mguu mmoja. Nikakuambia, baba, huyu si mwenzao hawa. Ulinijibu nini?"

Mzee akaviweka vikombe kwenye sinki.

"Ulisema, 'Pika, nina njaa.' Nikakataa kumpika. Nikamfunga kwenye mfuko wa plastiki, asubuhi nikakuwekea mkononi, nikakuambia, mpelekee Daktari wako amwangalie. Ulikuwa hutaki hata kumbeba. Ulisema utachekwa."

Mnataka kujua kama mzee alikuwa amesahau? Nami nilitaka kujua. Hadithi ya kidole gumba alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba aliweza kukihisi kile kichwa chini ya kidole chake. Lakini aliposikia habari ya soksi, uso ulimshuka. Mtu aliyesahau huuliza maswali, na yeye hakuuliza hata moja.

"Mbona hukusema miaka yote hii?" alisema mwishowe.

"Siku ile umekuja na kitabu cha Daktari unalia. Nikasema leo si siku yake. Halafu ukaanza kusimulia, na kwenye hadithi yako mimi simo. Nikasema amechanganyikiwa na hasira, atanikumbuka. Ukawahadithia kaka zangu, nikiwa nimekaa pale pale. Ukamhadithia mtoto. Ningefanyaje, nikuvue nguo mbele ya watu? Kila ulipomwita Daktari mwizi, mimi nilikuwa nakumiminia chai, baba. Mkuki kwa nguruwe!"

"Sasa na leo mbona umesema ni mimi?"

"Mgeni wa mwanangu yuko sebuleni, nawe umevaa koti. Ungetaka niseme nini?" Akamgeukia. "Mimi sikutaka gazeti. Wala hiyo kamusi yako. Nilitaka wewe, humu humu jikoni, siku moja tu uniambie, 'Uliona wewe.' Maneno mawili. Yangekugharimu nini?"

Na hapa ndipo ningependa kumshika yule mzee mabega nimtikise. Maana alikuwa na maneno mawili ya kusema, mkewe amemtafunia, kilichobaki ni kumeza. Akafungua mdomo akasema:

"Lakini niliyempeleka kituoni ni mimi."

Mkewe alimtazama. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akaivua, akaitundika msumarini, akaenda chumbani. Vikombe vikabaki kwenye sinki mpaka jioni.

Jioni hiyo mzee alimwambia angempigia mwandishi amweleze. "Umweleze nini?" mkewe akauliza. "Kwamba wewe mwongo na mimi shahidi wako? Binti yetu ndiye aliyemleta. Usimtie aibu mtoto." Mzee akakubali haraka. Kwa maoni yangu alikubali haraka mno.

Gazeti lilitoka Jumapili. Picha ilikuwa kubwa, mzee kashika ubao wake, koti limemkaa vizuri. Pembeni kushoto unaonekana mkono wa mwanamke umeshika sinia; mwili wenyewe umekatwa kutoshea ukurasa. Majirani walikuja na nakala zao. Mzee wa nyumba ya pili alimpa mkono akautikisa kwa muda mrefu. Mkewe aliwapokea wote, akawapa viti, akacheka palipostahili kucheka. Ndani ya nyumba waliongea kuhusu gesi na dawa za presha.

Mlinzi naye hakuchelewa. Alirekebisha sentensi kwa mkono wake mwenyewe, akaweka gazeti kama chanzo, na jina la mzee likakaa pale lilipokuwa la Daktari. Wiki hiyo hiyo makala ikapewa nyota, kwamba ni miongoni mwa makala bora za samaki. "Hongera, mzee wangu," aliandika Mlinzi. "Haki imetendeka." Mzee aliisoma mara moja tu, akafunga kompyuta.

Siku kama nne alikuwa hatulii. Akikaa anasimama. Akiitwa kula anakula bila kuinua macho. Hatimaye, asubuhi mkewe alipokwenda kliniki, alifungua kompyuta, akafuta jina lake, akaandika: "Aligunduliwa jikoni na mke wa mpimaji, alipokuwa akimwandaa kwa chakula." Akaandika jina la mkewe, jina lote, la babake mpaka la babu yake. Akabonyeza hifadhi, akangoja.

Dakika ishirini. Kisha likarudi jina lake.

"Mzee wangu, nasikitika," aliandika Mlinzi. "Gazeti linasema ni wewe, na aliyesema hivyo ni wewe mwenyewe. Tena mama naye kanukuliwa akikubali. Siwezi kubadilisha kwa neno tu."

Mzee aliandika, "Mimi ndiye niliyedanganya," akaitazama ile sentensi kwa muda, kisha akaifuta herufi moja moja kuanzia mwisho. Na nisimfiche, maana mtu akisimuliwa asimuliwe wote: alishusha pumzi. Alikuwa amejaribu. Sheria ndiyo iliyokataa. Alijiambia hivyo mara mbili tatu, akaenda kuchemsha maji ili mkewe akirudi akute chai.

Alasiri simu ikalia. Ni binti yao, kazini kwake, sauti imejaa kicheko. Mzee akaweka spika, simu juu ya meza. Mkewe alikuwa amekaa mkekani anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Baba! Nimeiona! Nimewasomea wenzangu yote, mpaka ile nyota. Mama uko hapo? Unajua kama umeolewa na mgunduzi?"

"Nasikia, mwanangu," alisema mkewe. "Hongera zake."

"Baba, hapa nami nimeweka spika, wote wanakusikia. Hawaamini nikisimulia mimi. Hebu wasimulie mwenyewe. Ilikuwaje?"

Mkewe akaacha kukunja. Shati la mzee lilikuwa mapajani mwake, mkono mmoja kwenye kola. Akainua macho akamtazama mumewe, na hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja. Hapa hapakuwa na Mlinzi wala chanzo. Palikuwa na mtoto wao mwenyewe kwenye simu, ambaye angeamini lolote litakalotoka kinywani mwa babake.

"Baba? Umekatika?"

"Nipo," alisema mzee. Akakohoa. Akautazama mlango, akaitazama simu, hakumtazama mkewe. "Basi siku hiyo," alianza, "nilikuwa nimemlaza kwenye ubao, nikamkandamiza kichwa asiteleze..."

Kicheko na makofi vilisikika upande wa pili. Mkewe alimaliza kukunja lile shati, akaliweka juu ya mengine, akabeba beseni akatoka nje.